Chupa Isiyo na Lebo: Mafuta ya Uso, Nia Njema na Dhamana



Katika vyuo vyetu hapa Rwanda biashara ndogo haziishi. Kuna anayeuza maandazi, kuna anayesuka nywele, kuna anayechapa kazi za wenzake, na sasa kuna anayetengeneza mafuta ya kusafishia uso. Anayachanganya chumbani jioni, anayatia kwenye chupa iliyowahi kuwa na dawa ya kikohozi, na kesho yake baada ya darsa yanauzwa kwa faranga chache. Wanunuzi si dada zetu peke yao. Kaka wenye chunusi na kaka wenye ndevu nao wamo. Anayeuza anasema ni ya asili. Anayenunua haulizi zaidi, kwa kuwa anayeuza ni ndugu yake katika dini na wanaswali safu moja.

Jambo hili ni dogo kwa sura, lakini ndani yake kuna swali la kimaadili linalostahili kutafakariwa. Nikimpa ndugu yangu kitu cha kupaka usoni, nilichokitengeneza kwa mkono wangu, kwa vitu vya asili na kwa nia njema, je, nia hiyo inatosha kuniweka salama mbele yake na mbele ya Allah (s.w.) iwapo kitamdhuru?

Wengi tutajibu haraka kwamba inatosha, maana matendo hulipwa kwa nia. Makala hii inasema haitoshi, na inaeleza kwa nini.

Mafuta husafishaje uso?

Tuanze na kitu chenyewe, kwa sababu huwezi kuhukumu usichokijua.

Ngozi ya uso hutoa mafuta yake yenyewe. Mafuta hayo hushika vumbi la njiani, moshi wa pikipiki na mabaki ya vipodozi. Maji peke yake hayayaondoi, kwani maji na mafuta havichanganyiki. Sabuni huyaondoa, lakini sabuni nyingi za kipande zina ukali wa alkali wa pH 9 hadi 10, ilhali ngozi yenye afya iko karibu na 5. Ndiyo maana baada ya kunawa kwa sabuni kali uso hukaza na kukauka. Mafuta safi hufanya kazi kwa njia nyingine: huyeyusha mafuta yaliyochafuka, kisha yote mawili huondoka pamoja kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Wagiriki na Warumi wa kale walijisafisha hivyo. Walijipaka mafuta ya zeituni, kisha wakajikwangua kwa chuma kilichopinda.

Mchanganyiko wa nyumbani ulio wa kawaida ni vijiko 4 vya mafuta mepesi, kama alizeti au ufuta, kwa kijiko 1 cha mafuta ya nyonyo, ambayo wengine huyaita mbarika. Nyonyo ni mazito na hunata, kwa hiyo yakizidi huivuta na kuikausha ngozi. Mwenye ngozi kavu huyapunguza hadi kijiko 1 kwa vijiko 9. Chupa huoshwa kwa maji ya moto na kukaushwa kabisa kabla ya kutiwa mafuta, na hukaa mahali penye giza na ubaridi, kwa sababu mwanga na joto huyachachisha. Mtumiaji hunawa mikono, husugua mafuta taratibu juu ya uso mkavu kwa dakika moja au mbili, huweka kitambaa safi chenye uvuguvugu, hufuta, kisha husuuza.

Kazi yote ni hiyo. Ni rahisi, na kwa kuwa ni rahisi tunadhani haina hatari.

Neno "asili" halijibu swali

Sifa ya kwanza tunayoipa chupa hii ni kwamba ni ya asili. Tuipime sifa hiyo.

Mbegu ya mnyonyo ni ya asili. Ndani yake kuna sumu iitwayo risini, ambayo inaweza kumuua mtu. Mafuta yaliyokamuliwa na kusafishwa kiwandani ni salama kwa sababu risini hubaki kwenye mashudu, na joto huiharibu. Mmea ni mmoja na mbegu ni moja. Kinachotenganisha dawa na sumu ni ujuzi wa aliyeishughulikia mbegu. Kwa hiyo mwanafunzi anayesaga mbegu hizo mwenyewe ili mafuta yake yawe "halisi zaidi" amejiingiza katika hatari kwa sababu ya neno tu.

Maji ya limau ni ya asili. Ukali wake ni karibu pH 2, na ukiyaacha usoni kisha ukatoka juani yanaweza kuunguza ngozi na kuacha madoa meusi. Jeli ya mshubiri ni ya asili. Lakini ukiitia ndani ya mafuta umetia maji, na penye maji bakteria na ukungu hupata makao. Mafuta matupu hukaa miezi kadhaa. Yakichanganywa na maji bila kihifadhi huharibika baada ya siku chache, tena pengine bila kutoa harufu yoyote ya kukuonya. Mafuta ya nazi ni ya asili, na ngozi yenye chunusi mara nyingi huyakataa.

Zebaki nayo hutoka ardhini. Tunaitaja kwa sababu sote tunaijua habari ya mukorogo. Mwishoni mwa mwaka 2018 polisi na mamlaka za nchi yetu walipita madukani wakikamata krimu za kuchubua ngozi zenye zebaki na haidrokwinoni. Zebaki hupenya ngozini na kudhuru figo, na humfikia hata asiyejipaka, kama mtoto anayelala karibu na mama yake na kugusa mashuka yake. Wengi wetu tuliyakimbilia mafuta ya nyumbani kwa kuyakimbia hayo, na tulifanya vema. Lakini tujiulize, tulikuwa tunakimbia nini hasa? Ubaya wa mukorogo si kwamba umetoka kiwandani, kwani hata vichochoroni unakorogwa. Ubaya wake mkubwa ni kwamba anayejipaka hajui kilichomo, na anayejua hamwambii.

Basi kama ubaya ulikuwa huo, chupa ya dada yetu bwenini isiyo na lebo imeponaje? Kilichomo ndani yake kinaweza kuwa kizuri mara mia, lakini mnunuzi yuko palepale alipokuwa: amefumba macho na kunyoosha uso.

Rundo la chakula sokoni

Ipo Hadithi mashuhuri katika Sahihi Muslim, iliyopokewa na Abu Huraira (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akakuta rundo la nafaka linauzwa. Akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, yule bwana alieleza kwamba mvua ndiyo iliyoilowesha. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akasema kwamba mwenye kughushi hana sehemu naye.

Hadithi hii tunaisikia mara kwa mara katika khutba, lakini tuitazame tena taratibu. Muuzaji hakuimwagia nafaka maji. Mvua ni amri ya Allah. Kuhusu chanzo cha kasoro, mtu huyu hakuwa na kosa, na jibu lake lilikuwa la kweli. Hata hivyo hakuachiwa. Alichoulizwa ni kuhusu mahali pa ile iliyolowa: kwa nini iko chini, kwa nini jicho la mnunuzi haliioni? Kosa lilikuwa katika kuficha, hata kama kuficha kwenyewe kulikuwa ni kunyamaza tu.

Sasa rudi kwenye chupa. Anayetengeneza anajua mambo kadhaa ambayo mnunuzi hayajui. Anajua kama alitumia alizeti mpya au mabaki ya chupa ya jikoni, kama chupa ilikauka, kama aliongeza matone ya mafuta ya manukato ambayo huwasha baadhi ya watu, na mwezi aliochanganya. Pengine anajua pia kwamba mwenzake wa kwanza alitokwa na vipele. Mambo haya ndiyo nafaka iliyolowa. Huenda hakuna hata moja lililo kosa lake, lakini yote yako chini ya rundo.

Nadhani hapa ndipo ilipo thamani ya kweli ya kitu kilichotengenezwa kwa mkono. Anayenunua krimu ya dukani na kuiuza tena anaweza kusema kwa haki kwamba hajui kilichomo zaidi ya kilichoandikwa. Wewe uliyechanganya huna udhuru huo. Umejua. Na elimu hiyo, tangu mwenzako aliponyoosha mkono kuipokea chupa, si mali yako peke yako tena. Imekuwa amana.

Nia ina kazi yake, dhamana ina kazi yake

Mtu atasema, "Lakini sikukusudia kumdhuru." Kweli, na Hadithi ya nia ni ya kwanza katika Sahihi Bukhari. Nia ndiyo inayoamua thawabu na dhambi. Ila mafakihi wetu hawakuichanganya nia na dhamana. Ukivunja chungu cha jirani kwa bahati mbaya huna dhambi, lakini chungu utakilipa. Surat an-Nisaa, aya ya 92, inapozungumzia anayeua kwa kukosea, haimhesabu kama muuaji wa makusudi, na bado inamwajibisha kafara na diya. Msamaha wa Allah kwa asiyekusudia haukuondoa haki ya aliyeumia.

Kuna jambo lililo karibu zaidi na chupa yetu. Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wamepokea kutoka kwa Abdullah bin Amr bin al-As (r.a.) kwamba mwenye kujitia utabibu bila ya kujulikana kwa elimu hiyo, yeye ni mdhamini. Wanavyuoni wamelifafanua hili: tabibu mjuzi aliyefanya kazi yake kwa haki hatozwi kwa matokeo asiyoweza kuyazuia, lakini aliyeingia bila ujuzi anabeba alichokiharibu, hata kama moyo wake ulikuwa safi.

Ni wapi basi ambapo mchanganyaji wa mafuta anakuwa mwenye kujitia utabibu? Si pale anaposema, "Haya yanasafisha uso." Ni pale anapoongeza, "Yanaondoa chunusi, yanafuta makovu, yanatibu ukurutu, acha ile dawa ya hospitali." Sentensi hiyo moja imemtoa katika usafi na kumwingiza katika tiba. Surat al-Israa, aya ya 36, inatutahadharisha tusifuate tusilo na elimu nalo. Na kumwambia mgonjwa aache dawa ni kufuata tusilolijua kwa gharama ya mwili wa mwingine.

Wapo watakaosema wao hawauzi, wanagawa tu kwa ajili ya Allah. Kugawa ni jambo jema, lakini hakumfanyi mpokeaji awe na ngozi ngumu zaidi. Surat al-Baqara, aya ya 267, inawakataza waumini kutoa kilicho kibaya ambacho wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kukifumbia macho. Kama mafuta yameanza kuchacha na wewe mwenyewe umekwisha kuyaacha, kuyagawa hakuyageuzi kuwa sadaka.

Jina la Mtume (s.a.w.) juu ya chupa

Hapa tuseme wazi, maana jambo hili limeenea katika jumuiya zetu. Mafuta yakichanganywa na kidogo cha zeituni au habbat-sawda, mara yanaitwa "mafuta ya Sunna", na anayeuliza kilichomo anaonekana kama mwenye imani dhaifu.

Ni kweli kwamba zeituni imetajwa kwa heshima katika Qur'ani, na mafuta yake yametolewa mfano katika Surat an-Nur, aya ya 35. Ni kweli kwamba Tirmidhi na Ibn Majah wamepokea maelekezo ya kuyala na kujipaka. Nani atayadharau hayo? Lakini tazama jinsi mwanachuoni aliyeyapenda sana alivyoyashika. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, katika kitabu chake cha tiba ya Mtume ameeleza kwamba kujipaka mafuta ni muhimu mno kwa watu wa nchi za joto kama Hijaz, ama watu wa nchi za baridi hawayahitaji. Hakuona kwamba kuuliza "kwa nani, na wapi?" ni kupunguza heshima ya Hadithi. Aliona kuwa ni sehemu ya kuifahamu. Sisi tunaoishi juu ya vilima hivi, Kigali ikiwa mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, tunauziana chupa bila kuuliza hata aina ya ngozi ya mtu.

Tena kuna hatari kubwa kuliko vipele. Tumeonywa vikali kumzulia Mtume (s.a.w.) jambo ambalo hakulisema. Hakusema kwamba mchanganyiko wako wa alizeti, nyonyo na matone matatu ya habbat-sawda unaondoa makovu. Yakimuunguza dada aliyesilimu mwaka jana, atalaumu nini? Hatalaumu alizeti. Ataondoka na shaka kuhusu Sunna, na shaka hiyo umemuuzia wewe.

Uso unaotawadha

Uso wetu si pambo tu. Ni kiungo cha kwanza kutajwa katika aya ya udhu. Kwa hiyo hata swali la fiqhi lina nafasi hapa. Imam an-Nawawi ameeleza katika al-Majmu' kwamba mafuta ya maji yaliyobaki juu ya kiungo hayaharibu udhu maadamu maji yameigusa ngozi na kutiririka juu yake, hata kama hayakutulia. Ama kitu chenye umbo kinachoweka tabaka, kama nta, huzuia maji. Mchanganyaji anayeongeza nta ya nyuki ili mafuta yashikane anapaswa kuwaambia wenzake, kwani amegusa uso wao na swala yao pia. Hii nayo ni nafaka iliyolowa.

Al-Ghazali katika Ihya amezipanga daraja nne za tohara: kuusafisha mwili na uchafu, kuvisafisha viungo na madhambi, kuusafisha moyo na tabia mbaya, kisha kuisafisha siri ya ndani na kila kisichokuwa Allah. Chupa yetu iko katika daraja la kwanza. Lakini mkono unaoiandaa na ulimi unaoinadi uko katika daraja la pili. Itakuwa ajabu kuusafisha uso wa ndugu yako kwa ulimi uliochafuka.

Je, hili litaua biashara ya mnyonge?

Pingamizi lenye nguvu ni hili: mwanafunzi maskini hana maabara wala mashine ya kuchapa. Tukimdai kama tunavyoidai kampuni, tutawaachia soko matajiri, na yeye atakosa nauli.

Pingamizi hili si la kupuuzwa. Anayetaka kuuza kwa umma, nje ya marafiki, anazo sheria za nchi za kufuata, na Rwanda FDA ndiyo inayosimamia vipodozi. Lakini tunalolizungumza hapa ni jepesi kuliko hilo. Kipande cha karatasi na kalamu vinatosha kuandika mambo manne: kilichomo, tarehe ya kuchanganya, nani asitumie, na namba ya kukupigia likitokea jambo. Ongeza sentensi moja ya mdomo: jaribu kwanza tone moja ndani ya kiwiko, usubiri siku mbili. Likiwasha, rudisha chupa uchukue pesa yako.

Masoko ya Waislamu yaliyajua haya. Katika karne ya 12 al-Shayzari aliandika huko Sham mwongozo wa muhtasib, msimamizi wa soko, akaeleza namna wauza dawa na wauza manukato wanavyoweza kughushi bidhaa zao. Bwenini hatuna muhtasib. Kwa sababu hatuna, kila mwenye chupa ni muhtasib wa chupa yake, na kila mnunuzi ana haki ya kuuliza bila ya kuonekana mkorofi. Dada akiuliza, "Umeweka nini humu?" hajakutuhumu. Amekusaidia kuileta nafaka juu.

Ndugu msomaji, tengeneza mafuta yako. Ni kazi ya halali, ni nafuu, na kuna raha katika kujua unachojipaka. Ukiwa peke yako, furahi na elimu hiyo. Siku utakapompa mwenzako chupa, mpe na elimu yake, kwa sababu uso wake hautalindwa na nia iliyofichika kifuani mwako. Utalindwa na kile ulichomwambia.

Allah (s.w.) atusafishe sura zetu na ndimi zetu, na atujaalie tuwe waaminifu katika madogo kabla ya makubwa. Amin. Wallahu aalam.